Unga, Bandari Bubu na Sheria za Bahari: Historia ya Mitandao ya Heroini Unguja

Biashara ya heroini katika kisiwa cha Unguja haina mwasisi mmoja wala makao makuu, na kwa sababu hiyo historia yake haiwezi kuandikwa kama historia ya genge linalojulikana kwa jina la mkubwa wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa mwaka 2000 na kutiwa saini Palermo unalieleza kundi la uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka kuwa ni watu watatu au zaidi wenye muundo fulani, wanaodumu pamoja kwa muda na kutenda makosa makubwa kwa nia ya kujipatia fedha au manufaa mengine. Kwa kipimo hicho, yaliyotokea katika mwambao wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980 ni uhalifu wa kupangwa bila ya shaka, lakini muundo wake ulikuwa wa mkufu uliofungwa kwa mkopo, udugu, ujirani na hofu, kiasi kwamba pete moja ilipokatwa nyingine iliunganishwa mahali pake kabla ya kesi ya kwanza kumalizika. Jambo ambalo serikali zilichelewa kulikiri ni kwamba nguvu ya mkufu huo haikuwa baharini, ambako macho ya dunia yalielekezwa, bali nchi kavu, pale mzigo unapoteremshwa, unapofichwa, unapogawanywa na unapolindwa.

Jiografia ya Unguja inaeleza sehemu ya habari hii, ingawa haielezi yote. Kisiwa kimetenganishwa na bara na mkondo wenye upana wa takriban kilomita 35, na pwani zake, kuanzia Nungwi na Mkokotoni upande wa kaskazini mpaka Fumba na Kizimkazi upande wa kusini, zimejaa vidau, ngalawa na boti za fiba ambazo huondoka na kurudi bila ya kuandikwa popote. Mbali na bandari rasmi ya Malindi, iliyo pembeni mwa Mji Mkongwe, kuna zile zinazoitwa bandari bubu, yaani sehemu za ufuo zinazotumika kuteremshia watu na bidhaa bila ya forodha wala ulinzi wa kudumu. Bandari bubu hazikuanzishwa na wahalifu. Ni madiko ya wavuvi, ni njia za watu kwenda harusini na mazikoni ng'ambo ya pili, na ndizo zilizowapa wauza unga, kama heroini inavyoitwa mitaani, kile ambacho fedha peke yake haiwezi kununua, yaani mwendo wa kawaida wa watu wengi ambamo mwendo wa wachache hauonekani.

Upepo nao una nafasi yake. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yaliteremka na kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, na kurudi na kusi. Majahazi ya leo yana injini na vyombo vya setilaiti vya kuonesha njia, lakini bahari ya magharibi ya Hindi bado inachafuka kati ya Juni na Agosti kiasi cha kuvilazimisha vyombo vidogo kubaki bandarini, na ndiyo maana takwimu za ukamataji wa dawa za kulevya baharini zinapanda na kushuka kwa kufuata misimu ileile ambayo manahodha wa zamani waliijua kwa majina ya kaskazi, kusi na tanga mbili.

Mbinu za kuwafuata wasafirishaji haramu katika bahari hii zina historia ndefu kuliko heroini, na historia hiyo inafaa kukumbukwa kwa kirefu, kwa sababu matatizo ya kisheria yaliyojitokeza karne ya kumi na tisa yalirejea karibu yalivyo katika karne ya ishirini na moja. Baada ya Sultani Barghash bin Said kulazimishwa kutia saini mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko la Mkunazini, biashara hiyo haikufa bali iliingia gizani. Uingereza iliiweka manowari iitwayo HMS London katika bandari ya Unguja kuanzia 1874 hadi 1883, na mashua zake ziliranda kati ya Unguja, Pemba na bara zikiyapekua majahazi. Waliosafirisha watumwa walijibu kwa kutafuta kinga ya sheria: walipandisha bendera ya Ufaransa, dola ambayo haikuwa imewapa Waingereza ruhusa ya kupekua vyombo vyake. Mwezi Disemba 1881 nahodha wa HMS London, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi lililokuwa likipeperusha bendera hiyo. Mzozo wa bendera uliendelea mpaka ukafikishwa mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, ambayo mwaka 1905 iliamua ni raia gani wa Maskati waliokuwa na haki ya kupeperusha bendera ya Ufaransa na ni wepi hawakuwa nayo.

Swali lililoulizwa wakati ule, yaani nani ana haki ya kupanda chombo cha mwingine katika bahari isiyo ya mtu, ndilo linaloulizwa hadi leo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa manowari haki ya kupanda na kukagua chombo cha kigeni katika bahari kuu iwapo kinashukiwa kwa uharamia, kwa biashara ya watumwa au kwa kutokuwa na utaifa, lakini dawa za kulevya hazimo katika orodha hiyo; kuhusu dawa za kulevya mkataba huo unazitaka nchi zishirikiane tu, na Mkataba wa Vienna wa 1988 unataka nchi yenye bendera iombwe ruhusa kwanza. Matokeo yake ni kwamba manowari nyingi zilizoyakamata majahazi ya heroini zilifanya hivyo kwa hoja kuwa majahazi hayo hayakuwa na bendera wala hati za usajili.

Kati ya enzi ya watumwa na enzi ya unga ipo enzi ya karafuu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ilishika biashara yote ya karafuu na kuwalipa wakulima bei iliyokuwa chini mno kuliko ile ya soko la dunia, na tofauti hiyo ya bei ilizaa magendo, yaani usafirishaji wa siri wa bidhaa kukwepa serikali, hasa kutoka Pemba kuelekea Mombasa. Adhabu ziliwekwa kali kupita kiasi, na katika miaka ya 1970 kikaundwa Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ambacho mpaka leo kinajulikana kwa herufi zake nne, KMKM, na ndicho kinachobeba jukumu la kulinda bahari ya visiwa. Haitakuwa haki kusema kwamba waliosafirisha karafuu ndio waliokuja kusafirisha heroini. Mkulima aliyeuza gunia lake Mombasa alikuwa akitafuta bei ya jasho lake, na kumweka kundi moja na muuza unga ni kumdhulumu mara ya pili. Kilichorithiwa ni ujuzi wa njia za usiku pamoja na mazoea ya baadhi ya watumishi wa umma kupokea chochote ili wafumbe macho.

Mlango ulifunguka katikati ya miaka ya 1980. Bei ya karafuu duniani ilikuwa imeporomoka, hazina ya Zanzibar ilikuwa tupu, na katika kipindi kifupi cha urais wa Ali Hassan Mwinyi visiwani, kuanzia Januari 1984, vizuizi vya biashara vililegezwa na wafanyabiashara wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Wazanzibari wengi walianza kusafiri kwenda Dubai, na wengine wakayafufua mawasiliano na jamaa zao waliokimbilia Omani na nchi nyingine za Ghuba baada ya Mapinduzi. Maduka ya Darajani yakajaa nguo, redio na vyombo, na watu waliokuwa wamepanga foleni za mchele wakapumua. Utalii nao ukaanza kukua. Ufunguzi huo uliiokoa nchi, na kuulaumu kwa kuleta heroini ni kukosea; lakini palipopita makontena, masanduku na wasafiri wengi kwa ghafla, bila ya taasisi zilizojiandaa, palipita pia paketi ndogo.

Heroini ya kwanza iliyojulikana mitaani, ile ya rangi ya udongo iliyoitwa brauni au brauni shuga, ilionekana katika miji ya mwambao katika miaka hiyohiyo ya 1980, Mombasa na Malindi ya Kenya kwa upande mmoja, Dar es Salaam na Mji Mkongwe kwa upande mwingine. Heroini hutengenezwa kutokana na afyuni, utomvu wa mpopi, ambao kwa miongo kadhaa ulizalishwa zaidi Afghanistan kuliko nchi nyingine yoyote. Njia yake ya zamani kuelekea Ulaya ilipita Iran, Uturuki na nchi za Balkani. Njia ya kusini, yaani ile inayotelemka mpaka pwani ya Makran ya Pakistan na Iran kisha kuvuka bahari hadi Afrika Mashariki, ilikuwa ndogo mwanzoni, ikakua kadiri mipaka ya njia ya kwanza ilivyobanwa. Visiwa na pwani ya Waswahili havikuwa soko lililokusudiwa. Vilikuwa kituo cha kupumzikia, na madhara yalitokana na desturi ya kuwalipa sehemu ya ujira kwa bidhaa yenyewe baadhi ya waliopokea, kuficha na kubeba mzigo, hivyo kila aliyelipwa alilazimika kutafuta wanunuzi pale alipo. Ndivyo kituo kilivyogeuka soko.

Mpangilio wa kazi ndani ya mitandao hii ulifanana kila mahali. Mwenye mtaji, aliyekaa Pakistan, Iran au mji wa Ghuba, aliununua mzigo au aliudhamini. Nahodha na mabaharia, kwa kawaida Wabaluchi wa Iran na Pakistan wenye ujira mdogo, waliuvusha katika majahazi ya mbao yaliyotengenezwa vyumba vya siri chini ya matangi au sakafu. Majahazi hayo hayakuhitaji kutia nanga bandarini: yalisubiri mbali na ufuo, nje ya maili 12 za bahari ya nchi, na boti ndogo za wenyeji ziliyafuata usiku kwa maelekezo ya simu za setilaiti. Nchi kavu alikuwapo dalali mkuu, ambaye magazeti ya Tanzania yalizoea kumwita papa, mwenye kuijua pwani, kuwajua maofisa na kuaminiwa na wageni. Chini yake walikuwapo wenye kuhifadhi, wenye kugawa, wabebaji wa angani walioitwa punda kwa kuwa walimeza vidonge vya unga na kupanda ndege, na mwisho wauzaji wa kete, yaani vipaketi vidogo vya karatasi au nailoni vinavyotosha mara moja. Muuza kete hakumjua papa, na papa hakumjua muuza kete. Kwa hiyo kila msako wa vijiweni uliwajaza watu mahabusu pasina kusogea hatua moja kuelekea juu.

Malipo yalipitia hawala, mfumo wa kale wa kutuma fedha kwa dhamana ya neno kati ya mawakala wawili wanaoaminiana, ambao watu wengi wa mwambao huutumia kwa shughuli halali kabisa. Pale ambapo neno halikutosha, ilitumika dhamana ya kutisha zaidi: mtu. Vijana wa Tanzania Bara na visiwani walipelekwa Pakistan kukaa mikononi mwa wauzaji mpaka mzigo uliochukuliwa kwa mkopo uuzwe na deni lilipwe, jambo lililoitwa mitaani kuwekwa bondi. Baadhi walijua walichokubali na wengine walidanganywa kwamba wanakwenda kutafuta kazi, na mzigo ulipokamatwa njiani au dalali alipoamua kutolipa, aliyewekwa rehani ndiye aliyeteswa, na jamaa zake wakasikilizishwa kilio chake kwa simu ili wauze nyumba wamkomboe. Pwani hii iliijua rehani ya watu katika njaa za karne ya kumi na tisa, wakati wazazi walipowatoa watoto wao kwa chakula. Kwamba jambo hilo lilirudi katika enzi ya simu za mkononi, na kwamba halikuitikisa nchi kama lilivyostahili kuitikisa, ni mojawapo ya aibu kubwa za zama hizi.

Wabebaji walijaza magereza ya mbali. Mwaka 2013 padri John Wotherspoon, mchungaji wa wafungwa huko Hong Kong, alianza kuchapisha barua za wafungwa wa Kitanzania waliokamatwa na dawa za kulevya katika uwanja wa ndege wa mji huo, wakiwasihi vijana wenzao wasikubali kubeba na wakieleza jinsi walivyoshawishiwa. Barua hizo zilifanya kazi ambayo mabango ya serikali hayakuifanya, kwa kuwa ziliandikwa na watu waliokwisha kupoteza ujana wao.

Familia iliyolifanya jina la biashara hii lijulikane zaidi katika mwambao wote ni ile ya Akasha ya Mombasa. Ibrahim Abdalla Akasha, aliyejenga himaya yake kwa bangi iliyosindikwa na vidonge vya Mandrax kabla ya heroini, aliuawa kwa risasi Amsterdam mwezi Mei 2000. Wanawe Baktash na Ibrahim waliiendeleza, mpaka Novemba 2014 walipokamatwa Mombasa pamoja na Gulam Hussein, raia wa Pakistan aliyehusika na usafirishaji wa baharini, na Vijaygiri Goswami, raia wa India, baada ya kuuza karibu kilo 100 za heroini kwa watu waliokuwa wakilifanyia kazi shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya. Utaifa wa washitakiwa hao wanne peke yake unatosha kuonesha jinsi genge la mji mmoja lilivyokuwa ofisi ya tawi katika shughuli iliyoenea bahari nzima. Kesi ya kuwasafirisha ilikwama katika mahakama za Kenya kwa zaidi ya miaka miwili, hadi walipopelekwa New York Januari 2017. Huko ndugu hao wawili wakakiri, pamoja na mengine, kuwahonga maofisa na mahakimu, na wakahukumiwa, Baktash miaka 25 mwaka 2019 na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020.

Upande wa Tanzania kesi iliyofanana na hiyo ilianzia Lindi, ambako Januari 2012 zilikamatwa kilo 210 za heroini ndani ya nyumba, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kukamatwa nchi kavu kabla ya hapo. Ali Khatib Haji Hassan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Shkuba, alitiwa mbaroni mwaka 2014 kuhusiana na mzigo huo, na Machi 2016 Wizara ya Fedha ya Marekani ikamweka katika orodha yake ya vinara wa dawa za kulevya duniani, ikidai kwamba mtandao wake ulisafirisha heroini na kokeini kwenda Afrika, Asia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mwaka 2017 akapelekwa Marekani. Katika nchi zote mbili, basi, watu waliotajwa kuwa vigogo walifikishwa mbele ya majaji wa kigeni, mbali na miji ambayo bidhaa hiyo iliiumiza, na wananchi wa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja hawakupata nafasi ya kusikia katika mahakama zao wenyewe ni nani aliyepokea hongo na kwa kazi gani.

Wakati kesi hizo zikisuasua, bahari ilijaa manowari. Majeshi ya Pamoja ya Baharini, ushirika wa nchi nyingi wenye makao yake Bahrain, yalikuwa yameundwa kwa ajili ya kupambana na ugaidi, yakajikuta yanakamata heroini. Aprili 2014 manowari ya Australia HMAS Darwin ilikamata kilo 1,032 kutoka katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Miezi michache kabla, jahazi la Kiirani lenye kilo zaidi ya 200 lilikuwa limekamatwa na vyombo vya Tanzania katika maji ya jirani na Zanzibar. Na Julai mwaka huohuo Kenya ilikamata Mombasa chombo kilichoitwa Al Noor kikiwa na kilo zaidi ya 300, ambacho kililipuliwa baharini mwezi Agosti mbele ya Rais Uhuru Kenyatta. Picha zilikuwa za kuvutia. Lakini manowari za ushirika hazikuwa na mamlaka ya kuwashitaki mabaharia, kwa hiyo unga ulimwagwa baharini baada ya kuchukuliwa sampuli, nahodha akaachiwa aendelee na safari yake, na mwenye mtaji akahesabu hasara kama mfanyabiashara yeyote aliyezamiwa na chombo.

Unguja ilikuwa na udhaifu wake wa pekee, uliotokana na mpangilio wa Muungano. Jeshi la Polisi ni chombo cha Muungano, lakini udhibiti wa dawa za kulevya, mahakama zinazosikiliza kesi hizo na uendeshaji wa bandari ni mambo ya Zanzibar, kwa hiyo sheria ya bara ya 1995, na baadaye ile ya 2015 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, hazikutumika visiwani, ambako Baraza la Wawakilishi lilitunga sheria yake mwaka 2009 na kuunda tume ya uratibu. Baada ya serikali ya umoja wa kitaifa ya 2010 tume hiyo iliwekwa chini ya Makamu wa Kwanza wa Rais, Maalim Seif Sharif Hamad, aliyelizungumzia suala hili hadharani mara kwa mara. Hata hivyo tume iliratibu na kuelimisha zaidi kuliko kupeleleza. Aliyekamata alikuwa polisi, na aliyeshitaki alikuwa ofisi nyingine. Kwa miaka mingi kila chombo kiliweza kusema kwa ukweli kwamba kimetimiza sehemu yake, na mzigo ukapita katika maungio.

Gharama ya hayo ililipwa vijiweni. Katika mitaa ya Mji Mkongwe na Ng'ambo heroini ilivutwa mwanzoni pamoja na tumbaku na bangi, lakini kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, heroini nyeupe inayoyeyuka kwa wepesi ndani ya maji ilipoenea katika mwambao, kujidunga kukaongezeka, na sindano moja ikazunguka mikononi mwa watu kadhaa. Katika nchi ambayo maambukizi ya VVU kwa watu wote hayakufika hata asilimia 1, utafiti wa 2007 ulikuta asilimia 16 miongoni mwa wanaojidunga Unguja. Mtumiaji aliyekosa dawa alipatwa na arosto, yaani maumivu ya mifupa, kutapika na homa ya kuikosa heroini, akaiba nyumbani kwao kwanza, kisha kwa jirani, na jamii iliyokuwa ikiacha milango wazi ikaanza kuweka nondo. Watu walimwita mla unga au teja na kumpiga alipokamatwa, lakini wengi walijua pia mtaani mwao nyumba ipi ilijengwa kwa fedha gani, na juu ya hilo walinyamaza. Ukimya huo ulikuwa na sababu za msingi: mwenye nyumba ile alichangia msikiti, alimlipia jirani matibabu, alikuwa na ndugu polisi.

Nafuu ya kwanza ilitoka kwa waathirika wenyewe. Mwaka 2009 vijana waliokwisha kuacha walifungua nyumba ya upataji nafuu, ambayo wengi huiita soba hausi, mahali ambapo mtu hukaa kwa miezi kadhaa bila ya dawa akiwa pamoja na wenzake na kufuata hatua 12 za kujitathmini, na nyumba nyingine zikafuata, za wanaume kwa wingi na za wanawake kwa uchache wa kusikitisha. Serikali ilikuja nyuma yao. Tiba ya methadoni, dawa ya kunywa kila siku inayotuliza arosto bila ya kulevya, ilianza Muhimbili mwaka 2011 na kufika Unguja mwaka 2015, katika hospitali ya Kidongo Chekundu, na katika miaka ya karibuni kikajengwa kituo cha tiba na marekebisho ya tabia huko Kidimni. Kufikia 2012 maambukizi ya VVU kwa wanaojidunga yalikuwa yameshuka hadi karibu asilimia 11.

Tangu 2017 upande wa bara ulibana kwa nguvu, na sehemu ya majahazi ikasogea kusini hadi pwani ya kaskazini ya Msumbiji, ambako barabara zinaelekea Afrika Kusini. Visiwani, Baraza la Wawakilishi lilipitisha mwaka 2021 sheria iliyoivunja tume na kuunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar, yenye uwezo wa kupeleleza na kukamata, na kwa mara ya kwanza chombo kimoja cha visiwani kikaweza kuulizwa matokeo. Fedha ndizo zilizobaki nyuma. Oktoba 2022 chombo cha kimataifa cha kupambana na utakasishaji wa fedha haramu kiliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na haikuondolewa mpaka Juni 2025. Katika kisiwa kilichopokea watalii zaidi ya 600,000 mwaka 2023, ambako ardhi ya ufukweni hubadilisha mikono kwa kasi, uchunguzi wa chanzo cha mtaji wa jengo una uzito zaidi kuliko upekuzi wa vijana wa vijiweni, nao unahitaji wahasibu, wasajili wa ardhi na waendesha mashitaka wasioogopa majina.

Bidhaa yenyewe inabadilika. Aprili 2022 utawala wa Taliban ulipiga marufuku kilimo cha mpopi, na uzalishaji wa afyuni Afghanistan, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, ulianguka kutoka tani 6,200 mwaka huo hadi tani 333 mwaka 2023. Maghala hayakukauka mara moja, na pamoja na heroini iliyobaki ikaja methamfetamini, dawa ya kuchangamsha inayoweza kutengenezwa kwa kemikali za viwandani au kwa mmea unaoota wenyewe katika milima ya Afghanistan. Disemba 2023 mamlaka ya bara ilitangaza kukamata Dar es Salaam na Iringa kilo 3,182 za dawa hizo mbili kwa pamoja, kiasi kikubwa kuliko chochote cha dawa hizo kilichokuwa kimewahi kukamatwa Tanzania hadi wakati huo. Methadoni inayotolewa Kidongo Chekundu haimsaidii mtumiaji wa methamfetamini, na tiba mbadala ya aina hiyo kwa dawa hii bado haijapatikana popote duniani.